Siku nne za Salalah na mama, wifi na watoto sita

Barua za mwezi huu karibu zote zimeelekea kusini, na si ajabu. Hapa Muscat ikifika saa tatu ya usiku ukiweka kiganja ukutani unakuta ukuta bado una moto wa mchana. Skuli zimefungwa, jamaa wamekuja kutoka Unguja, Mombasa na Uingereza, na kila nyumba yenye gari inazungumza Salalah, mji wa Dhofar, kusini mwa Oman. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake yumo mtu mzima mmoja ambaye sioni kama ameulizwa anataka nini.

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu amekuja kutoka Unguja. Ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Wifi yangu mkubwa naye amekuja na mumewe na watoto kutoka Leicester. Tumepanga kwenda Salalah siku nne, usiku tatu, katikati ya Agosti. Jumla tuko watu 12, na sita kati yao ni watoto. Wifi ameshatoa orodha ya sehemu 14 alizoziona kwenye simu, na anataka tuzimalize zote. Mume wangu anataka twende kwa gari, mimi naihofia safari ya mama. Twende kwa gari au kwa ndege? Tukae hoteli au tukodi nyumba? Na zaidi, nimwambieje wifi kwamba sehemu 14 haziwezekani? Ni mkubwa kwangu, na ndiye aliyenipokea nilipoolewa, sitaki kumvunjia heshima.*
*Wifi wa Seeb*

Marahaba mwanangu. Mistari mingi ya barua yako ni ya wifi, mama umempa miwili. Mimi nitaanza na mama, na naamini ukishampangia yeye, ya wifi yatajipanga.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilikosea. Mwaka wa kwanza nilipompeleka mama yangu Salalah nilikuwa na orodha kama ya wifi yako, na niliiandika mwenyewe. Siku ya pili tulifika njia ya bonde la Wadi Darbat baada ya laasiri, saa ambayo mji mzima unapandisha huko. Gari zilisimama, ukungu ukashuka, tukakaa ndani ya gari karibu saa mbili, hatuendi mbele wala haturudi nyuma. Mama alikuwa amebanwa na haja. Hakusema. Alikaa amekunja mikono juu ya mkoba wake, anaangalia dirishani, na kila nikimuuliza akijibu, "Niko salama, mwanangu." Usiku tuliporudi nyumbani akaniuliza swali moja tu: "Na kesho tunakwenda tena?" Sijalisahau swali lile. Nilikuwa nimemtoa mtu Unguja nimfurahishe, nikamfanya mzigo wa safari.

Kwa hiyo kanuni yangu tangu siku ile ni sehemu moja asubuhi na moja jioni, na katikati watu walale. Mama akiweza, kila mtu ataweza, hata mtoto wa miaka mitatu.

Sasa mwambie mama anakokwenda ni wapi, maana mtu mzima wa Unguja akielezwa kwa lugha yake ataifahamu Salalah mara moja. Kule anakwenda kukutana na kusi. Kharifu, msimu wa rasharasha wa Dhofar, huletwa na upepo ule ule wa kusi unaovuma kwetu mwambao, upepo walioungojea manahodha warudi Uarabuni. Ukifika pwani ya Dhofar unayasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na maji baridi ya chini yanapanda. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji yale baridi inageuka ukungu, ukungu unakwama kwenye milima iliyo nyuma ya mji, na rasharasha inaanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi Septemba. Nyuma ya mlima ni jangwa tupu. Mtu anayekuja kwa gari hulishuhudia jambo hili kwa macho yake: pale Thumrait, nyuma ya mlima, jua kali na vumbi, kisha njia inapanda, inaanza kuteremka, na kabla hujamaliza kusema "mbona baridi" kioo kimelowa na mlima wote ni kijani. Muscat ikiwa nyuzi 40 na kitu, Salalah huwa ishirini na kidogo. Mchukulie mama shali na soksi.

Na kwa sababu hiyo hiyo watu ni wengi mno. Msimu wa mwaka 2024 walihesabiwa wageni zaidi ya milioni moja, wa Oman wenyewe na wa nchi za Ghuba, na wengi wao huja katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Wewe umechagua kilele chenyewe. Kama likizo zenu haziruhusu siku nyingine, nendeni, lakini mjue kwamba mtakachoshindana nacho si umbali, ni saa. Sehemu ambayo saa moja asubuhi mnakuwa nyinyi na ng'ombe, saa kumi jioni hamna pa kuegesha gari.

Gari au ndege? Gawaneni. Kutoka Muscat ni kiasi cha kilomita 1,000, na pamoja na kusimama kwa sala, chakula na vyoo ni siku nzima. Goti la miaka 74 halikunjwi siku nzima. Ndege ni saa moja na nusu hivi. Mama apande ndege pamoja na wewe na watoto wadogo wawili, na wanaume na vijana watangulie kwa gari na vyungu, mikeka na kiti cha magurudumu. Kiti hicho kakiazimeni hata kama mama anasema hakihitaji. Atakikataa siku ya kwanza na kukiulizia ya pili.

Watakaoendesha waondoke baada ya sala ya alfajiri, wasiondoke usiku kwa kukimbia joto. Njia ya jangwani usiku ina ngamia, na ngamia haonekani mpaka yupo mbele ya boneti. Wakiondoka alfajiri watauteremka mlima wa Salalah bado kweupe, na hilo ndilo muhimu, kwa sababu ule mteremko una kona na ukungu mzito. Wajaze mafuta Adam, wajaze tena Haima hata kama tangi lina nusu. Kwenye ukungu waweke taa za chini, wafuate gari la mbele kwa mbali, na asipite mtu.

Nyumba. Watu 12 wakodi nyumba au fleti kubwa yenye jiko, na mama alale chini, pasiwe na ngazi. Hapa pia nina la kukueleza. Mwaka mmoja nilituma arubuni kwa mtu aliyetangaza nyumba kwenye simu, picha nzuri, bei nzuri. Tukafika usiku, watoto wamelala mabegani, mlango ukafunguliwa na familia nyingine ambayo nayo ililipa. Mwenye tangazo hakupokea simu tena. Tulilala wanane katika chumba kimoja. Kwa hiyo usitume hata riali moja kwa picha. Tafuta mtu Salalah, na Waswahili wapo, aende aione nyumba, afungue bomba, akupigie simu ya picha akiwa ndani. Mkipata mitaa ya Saada mtakuwa karibu na njia za mashariki, Dahariz mtakuwa karibu na bahari na mashamba ya minazi. Katikati ya Agosti bei ni ya juu kila pahala, usipoteze wiki nzima ukitafuta rahisi.

Fedha semeni kabla hamjaondoka, mwanangu, na muiseme waume kwa waume. Kodi ya nyumba na mafuta igawanywe kwa nyumba, si kwa vichwa, na chakula kiwe na mfuko mmoja unaoshikwa na mtu mmoja. Na nakuomba msimdhanie mgeni wa Ulaya kuwa ana fedha za kumwaga. Mtu aliyekata tiketi za watoto kutoka Uingereza wakati wa likizo ameshatoa nyingi kabla hajakanyaga Muscat.

Tuje kwa wifi. Usimwambie haziwezekani. Neno hilo kwa mkubwa linakwaza, hata likiwa la kweli. Mkalie chini, mpelekee chai, umwambie: "Wifi, mama magoti hayamruhusu. Tunaweza kwenda pahala pawili kwa siku. Wewe ndiye mkubwa wetu, tuchagulie." Umempa kazi ya kuchagua, umempa na sababu ambayo hakuna mtu mwenye adabu ataibishia. Na halafu mwachie asubuhi moja nzima yeye, mumewe na vijana waende pwani ya Mughsail au mlima wa Jabal Samhan peke yao wakaone mabonde na mawimbi, nyinyi mbaki na mama. Huyu mtu amesafiri maelfu ya maili na ana siku nne. Orodha yake ni hamu, si kiburi.

Ikiwa ataniruhusu nimsaidie kuchagua, ningeanza hivi.

Jioni ya kwanza msiende popote zaidi ya vibanda vya madafu kandoni mwa mashamba ya minazi. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Vibanda vimeezekwa makuti, mikungu ya ndizi fupi imening'inia mbele, chini mapapai na rundo la madafu. Mama yangu, yule niliyemkosea siku ya pili, siku ya tatu nilimpeleka hapo tu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, rasharasha inaanguka mbele ya kibanda. Muuzaji alikuwa kijana wa Kerala, hajui Kiswahili, na mama hajui lugha yake. Mama alipomaliza maji ya dafu akalirudisha, akafanya ishara ya kupasua. Yule kijana akalipasua mara mbili, kisha bila kuambiwa akachonga kipande cha kumbi la dafu lile lile, kikawa kijiko, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama akakishika, akakiangalia, akanigeukia: "Huyu ni mtu wa kwetu." Akakomba nyama ya dafu mpaka likabaki ganda. Akala la pili. Katika safari ile nzima hicho ndicho alichokihadithia aliporudi Unguja.

Siku ya pili, Darbat, na mtoke nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pale chini pana tambarare ya majani, maji, ngamia na ng'ombe wanajilishia, na gari linafika karibu, kwa hiyo mama atateremka na kukalishwa mkekani bila kupanda kitu. Chukueni chupa mbili za chai, vitumbua, mkate wa kumimina. Yale maporomoko makubwa ya picha msiwaahidi watoto. Huwa yapo mvua ikiwa nyingi kweli, na kuna miaka jabali linakaa kavu. Saa nne, wakati wengine wanaingia, nyinyi mnatoka.

Kutoka hapo, kama mama ana mapenzi ya ziara, endeleeni hadi Mirbat, yapata kilomita 70 mashariki ya Salalah. Kabla ya mji kuna makuba meupe mawili katikati ya makaburi ya zamani. Hapo amelala Muhammad bin Ali, Sahib Mirbat, aliyefariki mwaka 556 Hijria, yaani 1161. Masharifu wa Lamu, wa Ngazija na wa Unguja wenye nasaba ya Ba Alawi, ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, wote nasaba zao zinapitia kwake. Mtu aliyekaa kwenye maulidi ya Lamu akasikia nasaba zikitajwa atakapofika pale atajua amefika wapi. Msimharakishe.

Siku ya tatu asubuhi ndiyo ya wifi na vijana. Mama alale. Jioni mpelekeni Al Baleed, ndani ya mji wenyewe, magofu ya bandari ya zamani ya Zafari, ambayo pamoja na sehemu nyingine za nchi ya ubani iliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000. Njia zake ni bapa, kiti cha magurudumu kinapita, na pana makumbusho. Watoto wa Leicester waambieni hapo kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331 alitoka kwetu, alifika Mombasa, akafika Kilwa, na kutoka Kilwa akapanda jahazi likamleta Zafari hii hii, na katika aliyoyaandika kuhusu mji huu yamo migomba na minazi. Watoto waliozaliwa Ulaya mara nyingi huulizwa na wenzao, kwao ni wapi hasa. Hapo pana jibu ambalo mtu anaweza kulikanyaga kwa miguu.

Asubuhi ya nne, kama mama ana nguvu, kaburi la Nabii Ayub juu ya mlima wa Ittin, vichwa vifunikwe na viatu vibaki nje. Kama hana nguvu, basi. Rudini kwenye madafu.

Nimeacha sehemu nyingi, najua. Nimeacha hata chemchemi ya Ain Razat, ambayo naipenda. Muulize mama kabla hujamuuliza mtu mwengine, na muulize mkiwa wawili tu, kwa sababu mbele za watu atasema popote ni sawa.

*Shangazi, wanangu wa miaka 9 na 12 wanajua kuogelea vizuri, wamefunzwa Dubai. Tunakwenda Mughsail. Kwa nini jamaa zangu wa Salalah wananiambia watoto wasiguse maji?*
*Baba wa Wawili*

Wasikilize jamaa zako, mwanangu. Mwanao amejifunza katika bwawa, na ile ni bahari ya kusi. Zamani, kusi likikaza, bandari za pwani ile zilifungwa na majahazi yakavutwa juu mpaka upepo upungue, na waliokuwa wakifanya hivyo walikuwa wanaume waliozaliwa baharini. Wimbi la Mughsail wakati wa kharifu halikupigi tu, likirudi linakuvuta, na miamba ina utelezi. Julai 2022 watu waliovuka uzio wa usalama pale ili wasogee karibu na maji walisombwa na wimbi, watoto wakiwemo, na wengine hawakurudi. Uzio upo. Ukae upande wa ndani, na mtoto umshike mkono, huyo wa miaka 12 pia, hata akiona haya.

Mabwawa ya chemchemi na ya mabonde nayo si ya kuogelea. Watoto wakitaka kulowa, wapelekeni kwenye matundu ya mwamba karibu na pango la Marneef, hapo hapo Mughsail. Bahari inaingia chini ya jabali, unasikia mngurumo chini ya nyayo kwanza, halafu maji yanaruka juu kupita paa la nyumba na kuwamwagikia waliosimama. Wangu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Beba taulo na nguo za kubadilisha za kila mtu, na zako pia.

*Bi Mkubwa, nataka kumpelekea mama mkwe ubani Mombasa. Wauzaji wote wanasema wao ndio wana Hojari. Nitaujuaje?*
*Mkwe Mpya, Sohar*

Nenda soko la Haffa, asubuhi, na usinunue duka la kwanza. Hojari ndio ubani wa daraja la juu wa Dhofar. Iliyo nzuri chembe zake ni kubwa, nyeupe inayoelekea kijani, unaona mwanga ndani yake ukiinyanyua juu ya taa. Ukiona rangi ya kahawia na vipande vya magome, hiyo ni daraja la chini, inafaa kufukizia nyumba lakini si ya kumpa mama mkwe. Muombe muuzaji aweke chembe moja juu ya mkaa mbele yako. Yenye kheri inatoa moshi mweupe na harufu kama ya ndimu, haikushiki kooni. Anayekataa kuichoma, mshukuru uende duka la pili.

Wapo wanaoiroweka kwenye maji usiku na kuyanywa asubuhi. Kama mama mkwe ni mmoja wao, mnunulie ile safi kabisa, kidogo, na nyingine ya kufukiza uifunge mbali.

Na usiende na ubani mtupu. Mnunulie na chetezo cha udongo cha Dhofar, vile vya rangi rangi vyenye pembe nne. Ni vyepesi kuvunjika. Nunua kanga, kizungushe mara mbili, jaza tambara ndani ya tundu lake, na ukibebe mkononi hadi Mombasa. Kanga nayo muachie.